Vigingi vya Mjomba

Lindi, 9 Mei 1905

Zabibu, dada yangu, mlumbu wangu,

Nimefika Lindi salama, ila miguu yangu bado inanililia. Toka kwenu Songea mpaka pwani tumekuja kwa miguu, Bwana mpimaji wa Kidachi na darubini yake, mimi na ile fimbo ya rangi nyeupe na nyekundu, na wapagazi nyuma wamebeba vigingi. Sasa yeye amekaa mezani anachora ramani, nami kazi yangu ni kumchongea kalamu na kumkumbusha majina ya vijito.

Najua ulininunia. Siku ile nilipochomeka vigingi katikati ya dimba lako kule bondeni, uliniandalia ugali bila kuniangalia usoni, ukampakulia Bwana kwanza. Sikukueleza palepale kwa kuwa alikuwa amesimama karibu, na mtu yule anajua Kiswahili kuliko anavyojifanya. Nakueleza sasa.

Gari la moshi litatoka huku pwani liende mpaka ziwa la Nyasa, na litapita Songea. Kufika Songea kulikuwa na njia mbili. Moja inazunguka nyuma ya milima ya Matogoro, na moja inafuata bonde lenu la Mjimwema. Mimi ndiye niliyesemea bonde lenu. Nilimwambia Bwana ukingo wake ni mgumu, maji ya kuinywesha mashine yapo mwaka mzima, na watu wake hawana makuu. Akapima, akakubali. Kituo cha gari kitakuwa karibu na mlango wako, Zabibu, utakuwa unasikia watu wakiitana.

Tena si gari kubwa peke yake. Kutoka kituoni, Bwana amechora reli nyembamba za matoroli ya kusukumwa, moja iende bomani na sokoni, nyingine mpaka kwa mapadri Peramiho. Watu wa Mpitimbi waje asubuhi na maharage yao, wauze, jioni warudi kulala kwao. Anasema mji ambao watu wake hawana njia ya kuingia asubuhi na kutoka jioni ni kambi tu. Maneno yake mengi hunipita, hayo niliyashika.

Lakini mimi sikulisemea bonde kwa ajili ya watu wa Mpitimbi. Tangu mama atutoke, mimi ndiye mwenye mbumba, mlinzi wa dada yangu na watoto wake. Wewe na mwanao Biasha mko mikononi mwangu kabla hamjawa mikononi mwa mumeo Mussa, ndivyo tulivyo Wayao. Na mimi niko Lindi! Mwenye mbumba gani anayeishi mbali hivi na dada yake? Reli ikifika, nikisikia mtoto ana homa napanda gari nakuja.

Neno moja tu. Kati ya vigingi usilime, wala usipitishe jembe. Kaeni nje ya mstari.

Mimi kaka yako,
Daimu

*

Mjimwema, Songea, 16 Juni 1905

Kaka Daimu, shikamoo.

Barua yako ameileta mzee wetu Baba Majaliwa na msafara wake, pamoja na kaniki za kuuza. Usiucheke mwandiko wangu. Tangu tutoke chuoni kwa baba kalamu yangu imekuwa jembe. Nimeisoma kwa sauti, Mussa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama na yeye atawekwa kwenye toroli asukumwe kama gunia. Nikamwambia atasukumwa bure kwa sababu ni shemeji wa mwenye reli.

Ni kweli nilinuna na bado sijaacha. Hilo si dimba la mchezo, kaka. Mashamba ya juu yananipa mahindi mvua ikinyesha. Dimba linanipa maboga na mahindi mabichi kiangazi, wakati wenzangu wanachokora ghala. Na mstari wako haukupita pembeni, umelala katikati kama mgeni asiye na adabu. Pande zote mbili pamebaki pa kupanda vitunguu tu.

Halafu kuna jambo lingine. Kwetu mwanamume wa ukoo anamchomekea dada yake vijiti mara mbili tu. Mara ya kwanza pa kujenga nyumba yake. Mara ya pili, Mungu apishie mbali, pa kumzika mtoto wake, maana kaburi la mtoto halichimbwi mpaka mjomba aonyeshe mahali. Sasa umekuja kunichomekea vijiti dimbani, umekula, umeondoka. Nilitaka nikuulize ni nyumba au ni nini, nikaona aibu mbele ya Mzungu.

Biasha ameota magego. Anavipigapiga vigingi vyako kwa mwiko na kuvipa majina. Kimoja anakiita mjomba.

Zabibu

*

Lindi, 20 Julai 1905

Zabibu,

Ni nyumba! Tena ya chuma, ndefu kuanzia baharini mpaka ziwani, na mlango wake uko kwako. Mwambie Biasha mjomba wake amekubali kuwa kigingi.

Sasa nisikilize bila kunuia ubishi. Huko njiani watu wameng'oa vigingi wakafanyia kuni, na Bwana amekasirika sana. Ameamua kila kipande cha njia kiandikwe jina la mtu aliyekipima, na kikiharibika mtu huyo ajibu. Kipande cha Songea kimeandikwa jina langu. Vigingi vikikosekana nitalazwa chini nichapwe viboko hamsa ishirini mbele ya boma, na kazi ndiyo basi.

Najua dimba linakuuma. Vumilia kiangazi hiki na kijacho. Kituo kikishajengwa hutahitaji dimba, utawauzia wasafiri vitumbua na utakuwa na wasichana wa kukusongea ugali. Mimi nitashuka garini na koti, utajifanya hunijui.

Daimu

*

Mjimwema, 11 Septemba 1905

Kaka, shikamoo.

Naandika upesi, Baba Majaliwa anafunga mizigo na leo hataki hata kunywa uji. Anarudi Tunduru kabla njia haijafungwa.

Kumekuja watu kutoka upande wa mashariki na dawa ya maji. Wanasema anayenyweshwa hapatwi na risasi ya Mdachi. Wangoni wengi wamenyweshwa, wazee na vijana, na mbali na boma ngoma hazinyamazi. Mussa naye amekunywa. Nilimsihi, nikamwekea Biasha mapajani, akambusu akamshusha. Aliniambia, "Mke wangu, walinipakia mizigo yao shingoni miaka yote hii. Leo nikibaki jikoni nitamwambia nini mwanangu?" Nikamfungia mihogo ya njiani.

Vijana walifika dimbani wakang'oa vigingi vyako vyote. Wanasema hiyo ni kamba ya Mdachi ya kuifungia nchi. Nilingoja waondoke. Mashimo yalikuwa bado wazi, basi nikavikusanya na kukirudisha kila kimoja mahali pake. Jirani yangu Kunegunda, yule aliyebatizwa Peramiho, alinisaidia huku akitazama njia. Akasema, "Zabibu, wewe una wazimu. Watu wanakwenda vitani, sisi tunapanda miti mikavu!" Nikamjibu kuwa miti hii ndiyo mgongo wa kaka yangu.

Usije. Wakijua unashika darubini ya Wadachi watakuua njiani.

Zabibu

*

Lindi, 14 Januari 1906

Zabibu mlumbu wangu,

Sijui kama barua hii itakufikia. Tangu Septemba sijasikia neno lako. Huku tunasikia Peramiho imechomwa, na kwamba askari wametawanyika Ungoni kote wakichoma vijiji na maghala ili watu wasalimu amri kwa njaa. Anayesimulia anasimulia huku anakula. Mimi chakula hakinipiti.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Bwana alikataa kwa upole, lakini karani wake akanivuta pembeni akanieleza vizuri zaidi. Akasema nikiondoka sasa kuelekea Songea nitahesabiwa muasi, na waasi wanajulikana wanavyofanywa.

Hata hivyo mimi ni mwenye mbumba. Uniandikie neno moja tu, kwamba mna shida, nami nitakuja, na liwalo na liwe. Usinifiche kwa kunionea huruma. Mussa amerudi? Biasha anakula? Majaliwa atapita kwenu na msafara wa chumvi ukiruhusiwa. Mpe jibu.

Vigingi usivihangaikie sana, ila kama vimesimama, viache.

Daimu

*

Mjimwema, 22 Machi 1906

Kaka Daimu, shikamoo.

Sisi wazima. Mussa amerudi, ana kikohozi kidogo tu, amekaa nje anaota jua. Mashamba ya juu yameguswaguswa na moto lakini si sana, na ghala letu lilipona. Biasha amenenepa mpaka mgongo unaniuma nikimbeba. Anakusalimu na anauliza gari liko wapi.

Vigingi vimesimama vyote. Jina lako ni safi.

Kwa hiyo usije. Kaa na kazi yako, utakuja na gari kama ulivyoahidi, na koti lako. Nitajifanya sikujui.

Zabibu

*

Mjimwema, 22 Machi 1906

Baba Majaliwa, shikamoo.

Barua ya Daimu umeiona, nimekupa mkononi bila kuifunga. Sasa hii ni yako, ukishaisoma ichome.

Uliyoyaona kwangu usimwambie. Mimi nimemwandikia kuwa Mussa anaota jua. Wewe nilikuonyesha shuka yake iliyoletwa na wenzake kutoka Namabengo, basi. Maji hayakuzuia kitu. Hata mahali alipolala sijui.

Mashamba ya juu yamekuwa majivu, na ghala nalo. Nyumba hii imebaki kwa sababu moja. Askari walipofika na mienge, mkubwa wao alitazama bondeni akaona vigingi, akauliza ni vya nani. Nikamwambia ni vya reli, na kaka yangu ndiye aliyevipima. Akawaita watu wake wakaondoka, wakaenda kuchoma kwa Kunegunda. Sasa Kunegunda na wanawe wanalala kwangu, na hajanitolea neno hata moja la lawama.

Uliniambia nililime dimba, unyevu upo, mtoto atakula kabla ya miezi mingi. Nimelifikiria hilo kila siku, Baba. Kando ya mstari nimepanda mpaka ukingoni, lakini ni pembamba na tuko wengi. Nikilima katikati, vigingi vitang'oka. Vikikosekana, askari wakipita tena hawatakuwa na sababu ya kuiacha nyumba hii. Na jina la Daimu liko kwenye karatasi ya Bwana wake. Mume wangu amekwenda, sitaki kumtoa na kaka yangu.

Tukimwambia atakuja, unamjua. Atafika Tunduru tu watamfunga. Mwambie tu wazima. Nakuomba kwa ajili ya marehemu baba yetu aliyekuwa rafiki yako.

Mwanao,
Zabibu

*

Tunduru, 3 Mei 1906

Bwana Daimu,

Dada yako nimemwona kwa macho yangu na barua yake hii hapa. Ameniagiza nikuambie ni wazima, nami nakuambia kama nilivyoagizwa.

Mtoto alinishika kidole, hakutaka kukiachia mpaka nilipompa kipande cha muhogo nilichokuwa nacho mfukoni. Ukipata njia ya kupeleka chakula, peleka. Huko kwa sasa hata mwenye chakula hasemi anacho.

Mimi nimezeeka kwa barabara hizi. Nimepita vijiji ambavyo nilizoea kulala, nikapita bila kusimama, maana hapakuwa na wa kunikaribisha. Dua zako zielekeze Songea.

Majaliwa

*

Lindi, 2 Oktoba 1906

Zabibu mlumbu wangu,

Kaa chini kabla hujasoma, na usinicheke mpaka mwisho.

Hakuna reli. Bwana ameitwa kwao na ameondoka. Wakubwa wao wamechagua njia nyingine mbali kabisa na kwenu, na ramani zetu zimekunjwa zikatiwa kwenye bomba la bati. Nilimuuliza Bwana, na Songea je? Akanipa mkono, mara ya kwanza tangu nimjue, akasema pengine watoto wetu. Jina langu nililiona likikatwa kwa wino. Nimekuwa mtu huru asiye na kazi.

Niliona uchungu, sikufichi. Nilikuwa nimeshakiona kituo. Nilikuwa nimeshayapanga matoroli kichwani, lile la sokoni lina kivuli cha turubai na wewe umekaa mbele na Biasha. Nilitembea pwani nikilia kama mtoto, halafu nikakumbuka sura yako siku ile ya ugali, nikacheka peke yangu. Haya, umeshinda. Lichukue dimba lako.

Ving'oe vigingi vyote, ufanyie kuni. Lima kuanzia kijito mpaka njiani, pasibaki hata mahali pa kuku kuparua. Majaliwa analeta mahindi ya mbegu na mbegu za maboga, nimezichagua mwenyewe moja moja. Barua yake ya mwezi wa tano ilinitia mashaka, ilikuwa na maneno ya kuzunguka, lakini nikasema mzee amechoka, na wewe ulikuwa umeniandikia kwa mkono wako kwamba ghala limepona. Msafara wa chakula nilioomba haukupata ruhusa. Hata hivyo mbegu hizi zitatangulia, na mimi nafuata mvua zikipungua. Sasa hakuna wa kunizuia.

Ndani ya mfuko wa mbegu kuna toroli dogo la mti la Biasha. Nimelichonga kwa kigingi kilichobaki. Magurudumu yanazunguka.

Daimu

*

Mjimwema, 27 Novemba 1906

Kaka Daimu, shikamoo.

Barua yako imefika baada ya Idi, pamoja na mbegu na toroli. Baba Majaliwa hakuniangalia alipokuwa anafungua mfuko. Alikuwa ameshaambiwa njiani yaliyonipata.

Nilikudanganya. Mussa hakurudi. Ghala liliungua na mashamba ya juu yaliungua. Baba Majaliwa usimkasirikie, mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Niliogopa utakuja, na ukija wakuue. Niliogopa pia vigingi vikikosekana utachapwa, na nyumba tuliyoachiwa kwa ajili ya vigingi hivyo itachomwa. Kwa hiyo sikulima mstari wako. Tulikula mizizi na majani, na vitunguu vya ukingoni mpaka vikaisha. Kiangazi kilipokaza, dimba lilikuwa na unyevu na nyasi za kijani, nami nilikuwa naliangalia kila asubuhi. Umri wote huu nimelima, kaka, sijawahi kuiangalia ardhi namna ile.

Biasha alikwenda mwezi wa nane. Hakuugua sana. Alipunguka tu, akawa mwepesi, akaacha kuuliza gari. Siku ya mwisho aliomba boga.

Wanawake wakaniuliza mjomba wake yuko wapi, aje aonyeshe mahali. Nikasema yuko Lindi. Wakaniambia tungoje mtu wa ukoo, au tumwombe mwanamume yeyote Myao achomeke kijiti kwa niaba yako. Mimi nikakataa. Nikawapeleka dimbani. Nikawaambia mjomba wake alishakuja, alishaonyesha, tazameni vijiti vyake. Nikachagua pale penye kile alichokuwa anakiita mjomba. Kunegunda ndiye aliyechimba nami, kwa kuwa wanaume wa kuchimba hawapo tena. Alipomaliza akafanya ishara ya dini yake, nami nikasoma Fatiha. Nilikuuliza mwaka jana ni nyumba au ni nini, ukanijibu ni nyumba.

Sikulaumu. Natamani ningeweza, pengine moyo ungepata pa kutulia. Wewe ulitaka kuwa karibu nasi, na mimi nilitaka uishi. Hakuna kingine tulichokifanya sisi wawili.

Mvua imeanza. Vigingi nimeving'oa kama ulivyosema na tumepikia, vilikuwa vikavu, viliwaka vizuri. Mahindi yako nimeyapanda kuanzia kijito, na maboga yameshachomoza. Watoto wa Kunegunda watakula. Toroli nimeliweka pale juu ya udongo wake, wanalisogeza kidogo wakipita halafu wanalirudisha.

Ila vile vigingi vinne vilivyomzunguka vipo. Kila nikivishika mkono unakataa, na jembe nalizungusha mbali. Vilichomekwa na mjomba wake, na mimi sina ruhusa ya kuvigusa. Mvua zikipungua njoo, kaka. Njoo uving'oe mwenyewe.

Dada yako,
Zabibu